Mgao wa Mabovu

Katika sanduku langu la bati, chini ya kanga na vyeti vya ubatizo vya watoto, nimehifadhi daftari ambalo jalada lake limekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Kila ukurasa una tarehe, bei ya robota, na safu tatu zilizopigwa mistari kwa rula: Mazuri, ya Kati, Mabovu. Watoto wangu wameniuliza mara nyingi kwa nini sijalitupa. Huwajibu kwamba mtu hatupi shahada yake, nao hucheka, maana wanajua mama yao hakufika mbali na shule.

Daftari hilo ni la miaka ya 1990, nilipokuwa nikiuza mitumba katika soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza. Wasomaji wa rika langu watakumbuka jinsi nguo zilivyokuwa adimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata kitenge kimoja kikawa cha kupangiwa foleni. Kuanzia mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa, na haikuchukua muda mitumba ikajaa masokoni. Viwanda vya nguo tulivyovijenga baada ya Uhuru vikazidi kudhoofika, na vingine vikafungwa. Sisi akina mama tuliotafuta riziki hatukuwa na nafasi ya kupima ni lipi lililosababisha lingine. Tulitandika meza.

Robota moja lilikuwa na kilo 45, na bei yake ilinizidi kimo. Ndipo tukaungana wanawake wanne wenye meza jirani. Wazo lilitoka kwa mkubwa wetu wa umri, ambaye sote tulimwita Dada Mkubwa. Tulichanga fedha, tukanunua robota moja, tukalifungua mchana kweupe mbele ya wote, tukagawana.

Kununua pamoja kulikuwa rahisi. Ugumu ulianza kwenye kugawana. Mnunuzi wa robota haoni cha ndani. Juu utakuta gauni la mtoto ambalo halijafuliwa hata mara mbili, na chini yake shati lililokwisha ukosi, soksi isiyo na mwenzake, koti la theluji ambalo hapa kwetu halifai hata kwa kitanda, na vitu ambavyo ni aibu kuvitaja. Kila mmoja wetu alitaka gauni, na hakuna aliyetaka soksi. Mabovu yalibaki chini jioni, na usiku kuna waliokwenda kuyatupa katika Mto Mirongo, unaokatiza mjini kuelekea Ziwa Victoria. Mimi nilikuwa mmoja wao. Masika yalipofika mitaro iliziba kwa nguo zetu wenyewe, na maji yakatufuata mpaka kwenye meza.

Baada ya masika hayo Dada Mkubwa alinunua daftari. Akaandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba anayegusa mazuri aguse na mabovu. Kila mmoja angechukua fungu sawa la yasiyouzika, na wiki iliyofuata aeleze ameyafanya nini: vifungo na zipu vimefumuliwa, pamba imepelekwa gereji kuwa matambara ya kufutia mikono, sufi na vipande vimejazwa mito, suruali iliyochanika magoti imepelekwa kwa fundi cherehani ikawa kaptula ya mtoto. Chini yake akaandika adhabu ya atakayeficha kitu, na sote wanne tukaweka sahihi. Sahihi yangu ingalipo, ya pili kutoka juu, nzuri kuliko zote.

Sasa nitaeleza jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikilipita kimya.

Binti yangu wa kwanza alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na mimi sikuwa na ada, wala godoro, wala sanduku la kumpeleka nalo bweni. Ilikuwa karibu na Krismasi, wakati gauni jeupe la mtoto linapouzika kwa bei ambayo muuzaji mwenyewe huona haya kuitaja. Robota letu lilikuwa limelala nyumbani kwangu, kwa sababu chumba changu kilikuwa na kufuli ya kuaminika. Usiku niliwasha kibatari, nikafumua mshono wa pembeni, nikapapasa kwa mkono kama mkunga, nikatoa magauni matano. Kisha nikalishona upya kwa sindano ya magunia, na nikalala usingizi wa mtu mwenye homa.

Asubuhi Dada Mkubwa alifika na mizani ya kuning'iniza, aliyoiazima kwa muuza dagaa. Alilitundika robota. Lilipungua kilo moja na robo. Wenzetu wawili wakaanza kumlaani mwenye duka la jumla aliyetuuzia, na mmoja akajifunga kanga kiunoni tayari kwenda kumfanyia vurugu. Nami, Mungu anisamehe, niliwaunga mkono. Nilisema wenye maduka ya jumla wote ni wezi.

Dada Mkubwa hakupandisha sauti. Alisema, "Nililipima siku ya kununua pia. Lilikuwa kamili."

Hakuniangalia. Alikuwa akikunja kamba ya mizani polepole, na mimi nikaona kwamba ananipa muda. Nikaingia ndani nikayatoa magauni.

Adhabu ilikuwa imekwisha kuandikwa. Hakuna aliyehitaji kuitunga kwa hasira. Kwa marobota matatu yaliyofuata mabovu yote yalikuwa yangu peke yangu, ya wanawake wanne, na kila wiki nilitakiwa kuyatolea hesabu. Nilidhani watanifukuza na nikatamani wanifukuze, kwa maana ni rahisi kumchukia mtu aliyekufukuza. Badala yake Dada Mkubwa aliniuliza, "Kwa nini hukusema? Mchezo ungeanza kwako." Alikuwa na maana ya upatu wetu wa kila mwezi. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Waliirudisha nyuma ikawa ya kwanza, na binti yangu alienda shule na godoro jipya. Lakini adhabu haikupunguzwa hata kwa soksi moja.

Marehemu baba yangu, mkulima wa pamba wa Kwimba, alipopata habari alicheka sana. Alinisimulia tena habari ya mizani, ambayo tangu utoto niliichukulia kuwa hadithi ya wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukumani hawakuiamini mizani ya wanunuzi wa pamba. Wakaweka watu wao wenyewe wa kupima upya mzigo kabla haujauzwa. Katika mwamko huo ulioongozwa na Paul Bomani vikatokea vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa mashirikisho makubwa kabisa ya wakulima barani Afrika. Baba hakuishia hapo, kama wasemaji wa majukwaani walivyozoea kuishia. Aliongeza, "Na sisi pia tulikuwa tukitia maji kwenye pamba ili iwe nzito. Mizani haikuwekwa kwa ajili ya mwizi mmoja."

Miaka imepita. Binti yule sasa yuko Hamburg, Ujerumani, anauza katika duka la nguo. Siku moja alinitumia fulana nyeupe yenye kijilebo cha mpango uitwao Cotton made in Africa, na kwa simu akanieleza maana yake. Mpango huo ulianzishwa mwaka 2005 na mfanyabiashara wa hukohuko Hamburg, Michael Otto. Wauzaji wa nguo ambao katika mambo mengine ni mahasimu huingia pamoja, kila mmoja hulipa ada ya kutumia lebo, na mapato hayo hurudishwa Afrika kufundisha wakulima wadogo, wakiwamo wa Tanzania. Pamba yenyewe hulimwa kwa mvua, bila kunyweshwa, na dawa zilizo kali kupindukia zimekatazwa.

Niliikunja fulana ile nikapanda basi kwenda Kwimba, kwa mdogo wangu aliyerithi shamba la baba. Yeye alikuwa akiujua mpango huo kwa upande wake, bila kujua kwamba una upande wa pili. Mkufunzi aliyeletwa na kiwanda cha kuchambulia pamba aliwafundisha kuhesabu funza kwenye mimea kabla ya kupiga dawa, badala ya kupiga kwa mazoea. Aliwafundisha pia kuvuna kwa mifuko ya kitambaa, kwa sababu nyuzi za viroba vya plastiki zikiingia katika pamba huharibu uzi. Mdogo wangu aliniambia kwamba tangu hapo anapiga dawa mara chache zaidi, na fedha ya dawa inabaki mfukoni.

Kisha akaishika fulana, akaivuta, akaichungulia kwenye mwanga kama anayetafuta noti bandia. "Dada, humu mna pamba yangu?"

Ilinibidi nimwambie kweli. Binti alikuwa amenieleza kwamba kwa utaratibu unaotumiwa na wengi, kiwanda cha kusokota hununua kiasi fulani cha pamba ya mpango na kuruhusiwa kuuza uzi wa kiasi kinacholingana nacho kwa jina hilo, hata kama njiani pamba zimechanganywa. Upo utaratibu mwingine wa kuitenga pamba tangu shambani hadi dukani, lakini huo una gharama zaidi. Kwa hiyo huenda imo, na huenda haimo.

"Na bei ya kilo?"

Mpango huo haumwahidi mkulima bei ya ziada kwa kilo, unampa mafunzo. Hapa haki inanitaka niseme kwamba si mipango yote iko hivyo. Huko Meatu, tangu miaka ya 1990, mradi wa pamba hai wa bioRe, wenye ubia na kampuni za Uswisi, umekuwa ukilipa nyongeza kwa pamba isiyotiwa dawa za viwandani.

Mdogo wangu alifikiri kidogo, kisha akauliza swali ambalo nilirudi nalo kwenye basi mpaka Mwanza. "Mvua ikigoma, au bei ikianguka, wao wanachukua fungu gani?"

Alikuwa hajapata kuliona daftari langu, lakini alikuwa ameuliza habari ya safu ya tatu.

Tangu siku ile, kila nikisikia kwamba wauzaji wakubwa wa nguo duniani wameungana kuinusuru dunia, huuliza swali la mdogo wangu. Siwadharau. Wachuuzi wanne wa meza jirani walikaribia kutoana macho. Nitashangaaje kampuni zinazogombea wateja haohao zikipata taabu? Mwaka 2009 kampuni mbili za Marekani ambazo hazifanani hata kidogo, Walmart na Patagonia, ziliwaandikia wakuu wa kampuni nyingine barua ya kuwaalika watengeneze kipimo kimoja cha madhara ya nguo kwa mazingira. Muungano wao ulizinduliwa mwaka 2011. Wazo lilikuwa zuri, kwani kila kampuni ilikuwa na mizani yake, kama wanunuzi wa pamba wa zamani. Lakini ni mizani iliyotengenezwa na wanunuzi wenyewe. Mwaka 2022 mamlaka ya kulinda walaji ya Norway ilitamka kwamba matangazo ya nguo yaliyotegemea kipimo hicho yanaweza kuwapotosha wateja, na muungano ukasitisha kukitumia kwa wateja. Nilipozisoma habari hizo niliisikia sauti ya baba.

Upande wa pili upo mkataba mwingine, ambao kwa masikitiko ulizaliwa na msiba. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na mji wa Dhaka, Bangladesh, jengo la Rana Plaza lililojaa viwanda vya kushona liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Baadhi ya nguo zilizoshonwa mle zilikuwa za maduka yanayojulikana sana. Haikupita hata miezi miwili, kampuni zikaanza kuweka sahihi mkataba wa usalama wa moto na majengo pamoja na vyama vya wafanyakazi, na hatimaye zikafika zaidi ya 200. Kila kampuni ilichangia kulingana na ukubwa wa ununuzi wake, na mkubwa kabisa hadi dola 500,000 kwa mwaka. Viwanda zaidi ya 1,600 vikakaguliwa, na ripoti zikatangazwa hadharani.

Nguvu ya mkataba huo ilikuwa katika ukurasa wake wa adhabu. Vyama vya wafanyakazi viliweza kuishtaki kampuni iliyokwepa, mbele ya wasuluhishi huko The Hague, na vilifanya hivyo. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kampuni moja, ambayo jina lake halikutajwa, imekubali kulipa dola milioni 2.3, sehemu kubwa yake ili viwanda vilivyokuwa vikiishonea virekebishwe. Sijui ni kampuni gani, wala sina haja ya kujua. Mimi nawaza tu habari za wakurugenzi wake siku ile, kwa sababu najua jinsi inavyokuwa mtu anapotundikiwa robota kwenye mizani mbele ya wenzake. Ni aibu, lakini mkataba ukabaki mzima.

Lakini hata mkataba ule haukugusa swali la wapi nguo huishia. Ufaransa tangu mwaka 2007 ina sheria inayomtaka anayeuza nguo mpya achangie gharama za kukusanya na kuchambua nguo zilizokwisha valiwa. Wauzaji hutekeleza wajibu huo kwa pamoja, kwa kulipa kwenye chombo kimoja. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kila nchi mwanachama iwe na utaratibu wa namna hiyo. Ni safu ya tatu kabisa, imeandikwa na wazungu kwa mkono wao, nami nafurahi.

Swali linabaki moja, nalo ni la umbali. Nguo nyingi zinazokusanywa Ulaya hazibaki Ulaya. Zinafungwa marobota, zinapanda meli, na zinafunguliwa Accra, Nairobi, Dar es Salaam na hapa kwetu. Mwaka 2023 wauzaji wa mitumba wa soko la Kantamanto, Accra, walisafiri hadi Brussels kudai kwamba fedha inayotozwa dukani iifuate nguo mpaka inakofia. Waliomba kile ambacho Dada Mkubwa aliandika kwenye ukurasa wa kwanza. Aliyegusa mazuri alipouza koti jipya agusane na mabovu pia, hata kama mabovu hayo yamelala kando ya mtaro wa Mwanza.

Kuna wanaosema dawa ni kuizuia mitumba yote. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni ifikapo mwaka 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru, nchi moja moja ikalegea, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ilinyimwa mwaka 2018 nafuu hiyo kwa nguo zake. Mtoto wa mkulima wa pamba ambaye pamba yake husafirishwa ghafi, kisha akanunua fulana iliyozeeka ughaibuni, hawezi kuwabeza viongozi wale. Lakini mimi pia nilisomesha watoto watatu kwa meza ya mitumba. Siwezi kuichoma meza hiyo ili nionekane mzalendo, wala siwezi kuisifia kana kwamba sikuona kilichoelea katika Mto Mirongo.

Ninachoweza kusema ni kile nilichokilipia. Marobota matatu ya adhabu yalinifundisha zaidi ya yote yaliyotangulia. Nikiwa na mabovu ya wanawake wanne chumbani, nilianza kuuliza kila nguo ilishonwaje: kwa nini shati la pamba tupu huwa tambara zuri hata likifa, na lile la nailoni iliyochanganywa halifai gereji, halifai mto, na likichomwa hutoa moshi wa kukaba koo. Kwa fundi cherehani nilijifunza kugeuza ukosi na kuhamisha zipu. Kama mabovu yangegawiwa watu wengine siku zote, nisingejifunza lolote, na nadhani ndivyo ilivyo kwa mwenye duka wa Ulaya. Atakapolazimika kuyapokea mabovu yake mwenyewe, ataanza kuagiza nguo zinazozeeka vizuri.

Dada Mkubwa amefariki. Tulimzika na kanga aliyoipenda, na mizani tulimrudishia muuza dagaa zamani. Mwaka jana wasichana watatu wa sokoni, walioanza kununua robota kwa kuchanga, walikuja kuniazima daftari ili wanakili mistari yake. Mmoja alilipitia akakuta kurasa ambazo safu ya Mabovu ina jina moja tu, limerudiwa wiki baada ya wiki, kwa marobota matatu mfululizo.

"Bibi, huyu alikuwa nani, mbona yote yake?"

Nilimwambia akae, nikamsimulia. Aliposikia habari ya magauni matano aliinamisha macho, akidhani ameniaibisha. Nikampa rula, nikamwambia aanze kwa kupiga mstari wa safu ile ya tatu, kisha zile mbili atazipata mahali pa kuziweka.